Wa Kufuatana na Nakijwa

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya juzijuzi ambayo bibi zetu waliiona, kulikuwa na kambi ya wagonjwa wa ukoma juu ya kilima kimoja huko Upare. Dawa ilipopatikana, wagonjwa wakapona, wakarudi makwao mmoja mmoja, na nyumba zikabaki tupu. Nakijwa naye alipona, naye alirudi kwao. Lakini kwao walimtengea kikombe chake na kigoda chake, wakaviweka nje ya mlango. Siku ya tatu alifunga mzigo, akapanda kilima tena.

Nakijwa alikuwa mfinyanzi. Ukoma ulikuwa umeondoka, ila uliacha umeua mishipa ya fahamu ya mikono na miguu yake. Akishika udongo, macho ndiyo yaliyomwambia kwamba ameshika. Vidole havikumwambia kitu. Akikanyaga mwiba, aliona damu kwanza. Jiwe la moto na jiwe la mtoni, kwake yalikuwa mamoja.

Katika zile nyumba tupu wakaja kukaa watu wengine watatu, kila mmoja amechokwa na watu wake. Alikuja Mbazi, mzee mfuga nyuki, ambaye macho yake yaliharibiwa na trakoma. Akaja Nanzia, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kusikia utotoni kwa homa ya uti wa mgongo. Alisoma midomo ya watu, na alisema kwa sauti kubwa mno kwa kuwa hakujisikia. Akaja Senkondo, mhudumu wa zahanati hadi siku kiharusi kilipomwangusha. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja.

Waliishi hivyo, nyumba nne, meko manne. Hawakutembeleana. Kila mmoja alidhani wenzake hawamtaki.

Siku moja mchana Nakijwa alikuwa anachoma vyungu. Aliinama kugeuza kimoja kwa kijiti, asione kwamba mguu wake wa kushoto umeingia kwenye makaa. Akasimama pale pale, anaimba chini chini.

Mbazi alikuwa kwenye mizinga yake, upande unakoelekea upepo. Pua yake iliijua harufu ya kuni, ya nta, ya udongo unaoiva. Hii ilikuwa harufu ya nyama, na siku hiyo hakuna aliyechinja.

"Nakijwa! Unaungua! Toka motoni!"

Upepo ulimletea harufu yeye, lakini sauti yake haukuipeleka kwa Nakijwa. Mzee akakimbia. Akaanguka mtaroni, akainuka, akakimbia tena, huku anapiga kelele na kunyoosha fimbo kule harufu inakotoka.

Nanzia alikuwa analima juu ya mteremko. Hakusikia neno. Lakini aliona kipofu anakimbia bila kupapasa njia, akatazama kule fimbo inakoelekea, akaona kanga ya Nakijwa imeshika moto. Alishuka mbio. Maji hayakuwapo. Akaikamata ile kanga inayowaka kwa mikono yake miwili, akaichana, akamburuta Nakijwa kando. Mikono ya Nanzia ilikuwa mizima, kwa hiyo ilisikia kila kitu. Akalia kilio ambacho kilisikika hadi bondeni.

Nakijwa akamtazama kwa mshangao. "Unalilia nini, mdogo wangu?"

Kisha akatazama chini, akauona mguu wake.

Senkondo akafika anaburuta guu. Aliwaosha wote wawili kwa maji yaliyochemshwa, akawafunga vitambaa safi. "Kidonda hiki... hakitakuuma," alimwambia Nakijwa. "Ndiyo... hatari yake. Ngozi hupeleka habari... kwenye ubongo. Kwako... njia imekatika. Kwangu mimi... ubongo unatoa amri... mguu haupati."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kwa mwaka mzima, Senkondo alikwenda kwa Nakijwa. Alipiga goti moja, kwa sababu la pili halikukunjika, akakagua kidonda. Akamfundisha kutazama nyayo zake kwa kioo kila siku, na kupima joto la maji kwa kiwiko, mahali ambapo bado palikuwa na fahamu. Kidonda kikapona. Mguu haukukatwa. Nao wote wanne wakaanza kula chungu kimoja, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelitarajia tena.

Hapo ndipo ilipokuja barua. Senkondo aliisoma polepole. Ilitoka kwa Nambike, binti ambaye Nakijwa alinyang'anywa akiwa bado ananyonya, kwa kuogopwa maradhi. "Mama, nimekutafuta miaka sita. Njoo Tanga. Nina chumba cha uani kinachoingia vitanda viwili. Mchana kutwa niko kazini, wala siwezi kukuacha peke yako na jiko. Njoo na mtu mmoja wa kukuangalia. Gari litakuja Jumamosi."

Chakula kikapoa. Mbazi ndiye aliyeanza.

"Mimi ndiye niliyejua wa kwanza. Bila pua yangu, Nanzia angeendelea kulima."

Nanzia alikuwa anatazama midomo yake. Akafungua viganja vilivyojaa makovu. "Wewe ulijua, kaka. Mimi niliungua! Moto ule ulikuwa wa dada, maumivu yakawa yangu!"

Senkondo alikuwa anaikunja ile barua kwa mkono mmoja. Nakijwa akamwuliza, "Nawe je?"

"Mimi... nilifanya... kazi tu."

"Kazi yako ilikwisha zahanati. Mwaka mzima unanipigia goti, nani alikuajiri?"

Mbazi akainamisha kichwa. "Nakijwa, sidai tena. Nasema tu, nikibaki, Nanzia hanisikii nikimwita. Na Senkondo nikimwuliza kama kumekucha, jibu litanifikia jua likizama."

"Mnasema nini?" Nanzia aliuliza. "Inueni nyuso! Mnasema nini?"

Hakuna aliyeinua uso.

Jumamosi gari likaja. Nakijwa alitoka na kifurushi chake, akawakuta watatu wale wamesimama uani. Mbazi alikuwa amefunga mzigo. Nanzia alikuwa amefunga mzigo. Hata Senkondo, aliyesema amefanya kazi tu, alikuwa na kamzigo kadogo nyuma ya mgongo, amekashika kwa mkono wake mzima.

Dereva akafungua mlango. "Haya mama, ni yupi?"

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja.

Sasa nanyi mlioketi hapa msinyamaze kama yeye. Yuko aliyenusa, yuko aliyeungua, yuko aliyepiga goti kila asubuhi. Je, nani alistahili kupanda gari lile?