Jike la Buluu la Ambwene

Mwenye wana kinywani hajibu. Mmelisikia neno hilo leo kikaoni, wajukuu zangu, wakwe zake walipomwandama mama yule, Subilaga, naye akakaa kimya. Mkatoka nje mkicheka kwamba hana ulimi. Sasa mnataka kujua neno limetoka wapi. Nimechoka, vikao hivi vinanichosha kuliko jembe, lakini kaeni. Lilianza hivi.

Hapa Kyela palikuwa na fundi redio aitwaye Ambwene. Alifuga samaki wa miambani, wa kutoka Ziwa Nyasa, sebuleni kwake katika tangi la vioo aliloliunganisha mwenyewe. Watu walimcheka. "Ambwene, kitoweo chako kitaiva lini?" Hakujali. Kati ya samaki hao alikuwemo jike mmoja wa buluu, na wavuvi walimwambia kwamba pale alipovuliwa wa aina yake hawaonekani tena. Ambwene hakutamani kitu kama kuona uzao wa jike yule. Alipanga mawe, akatandaza mchanga, na kila asubuhi akachungulia mchangani kama mtu anayetafuta mayai ya kuku vichakani. Hakuona yai.

Nyumbani humo waliishi pia mkewe Tusekile na mama yake Ambwene. Mama yule alikuwa na maneno. Wali ukiwa laini, maneno. Ukiwa mkavu, maneno. Tusekile alinyamaza. Mnajua mila yetu: mke akirudishwa kwao, watoto hubaki kwa baba. Alikuwa na watoto watatu, na siku ambayo angejibu ndiyo siku ambayo angefungashiwa nguo zake. Basi akameza kila neno, hata chakula kikakosa nafasi, akakonda. Ambwene, ambaye angeona pezi lililochanika akiwa mlangoni, hakuliona hilo.

Kisha jike la buluu likaacha kula. Lilijibanza nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, mdomo umefumbwa. Ambwene alilisagia dagaa, likageuka pembeni. Akatia chumvi kidogo majini. Wapi.

"Koo limeoza hilo," mama yake akasema. "Lipanue mdomo uone, au usubiri life."

Tusekile alikuwa anapita na ndoo. "Baba Lugano, mwache kidogo. Hana sura ya mgonjwa."

"Nani kakuuliza wewe?" mama mkwe akamkata. "Mwenyewe kula hutaki, leo umekuwa daktari wa samaki?"

Tusekile akatua ndoo, akasimama kando.

Ambwene akamnasa jike kwa kipande cha chandarua, akamshika juu ya tangi, akambonyeza mashavu. Mdomo ukafunguka. Vikamwagika vitoto vidogo kama punje za ulezi, kila kimoja na macho yake, vikaangukia majini katikati ya samaki wengine. Wale hawakungoja. Ambwene alipozamisha mkono kuwafukuza, uzao alioutamani ulikuwa karibu wote umekwisha matumboni mwao.

Akamwachia jike. Hakukimbilia mafichoni. Alizunguka tangi zima mdomo wazi, akizunguka tu, na vitoto vichache vilivyojificha mchangani vikaogelea vikaingia. Akafumba bila kuvimeza.

Mama mkwe hakuwa na pa kuitupa aibu ile, akamtupia Tusekile. "Na wewe umesimama tu. Ulijua ukanyamaza ili mwanangu apate hasara. Jibu."

Tusekile aliangalia chini.

"Nasema jibu."

"Mama," Ambwene akasema. Mkono wake ulikuwa bado majini hadi kwenye kiwiko. Akamtazama mkewe, akaiona mifupa ya shingo yake kana kwamba imechomoza siku ile. "Mama, inatosha. Mwenye wana kinywani hajibu."

Mama yule akafungua mdomo, akatazama tangi, akaufunga. Hakumwandama tena mkamwana wake mbele ya Ambwene, na kwa sababu hiyo Ambwene akajifunza kukaa nyumbani zaidi.

Ndiyo hiyo. Subilaga ulimi anao. Nimemsikia akiimba shambani, na anawashinda ninyi nyote. Lakini leo wakwe zake walikuwa wanangoja neno moja tu litoke, na mliwaona watoto wake wawili wameketi miguuni pake. Nendeni mkambebee yule mdogo, mama yake anyooshe mgongo. Wala msimwulize kwa nini alinyamaza.

Mwenye wana kinywani hajibu.