Rimu za Mheshimiwa Mukhwana

Wewe uliyeficha digrii chini ya godoro, unajua Nafuna, msomi mwenzako, alivyookoa kibanda chake cha kuziba pancha? Diwani wetu, Mheshimiwa Mukhwana, alisimamisha V8 yake pale mlangoni.

“Nitengenezee hili gari nisiyasikie tena mashimo ya barabara hii. Ukishindwa, Ijumaa nabomoa kibanda.”

“Hiyo ni simple, mkubwa. Tufunge rimu za inchi ishirini na nne, na tairi nyembamba kama chapati. Mtu wa class yako bado anatembelea magurudumu ya mwalimu?”

Akafungiwa. Shimo la kwanza tu likapinda rimu, akarudi amefura.

“Umeniharibia gari, wewe msichana.”

“Sir, rimu za wakubwa hazijazoea mashimo. Nikurudishie zile ndogo, watu waseme umeshuka?”

“Nishuke, mimi?”

Akapiga simu barabara itengenezwe. Kufikia Alhamisi, lami ilikuwa imemwagwa kutoka lango lake, ikipita mbele ya kibanda, hadi ofisini. Ijumaa akafika kibandani na tingatinga.

“Mkubwa,” Nafuna akamuuliza, “njiani leo umesikia shimo lolote?”

Diwani akakumbuka sharti lake mwenyewe, akalirudisha tingatinga.

Sasa nyinyi mnaowanunulia waheshimiwa magari, wafungieni wote rimu za inchi ishirini na nne, na mfanye hivyo leo.