Kitabu Kilicholetwa Kuzikwa

Wamepokezana wasimulizi, mzee kwa mzee, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Urusi, zama za wafalme wake, aliishi katika mji wa Kazan mwanachuoni wa Kitatari akiitwa Sheikh Abdunnasir bin Yunus, Mungu amrehemu. Msishangae kusikia habari za sheikh katika nchi ya theluji. Uislamu ulifika kwenye kingo za mto Volga zamani sana, na waja wema wa huko walitawadha kwa maji ambayo mimi na nyinyi tungeyagusa tu tungekimbilia blanketi.

Kazi ya sheikh huyu ilikuwa vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Aliianza akiwa kijana hana mbele wala nyuma, akizunguka vijijini kuuliza nyumba zenye maandiko ya mababu. Vitabu vingine alivikuta darini vimelaliwa na vitunguu, vingine vimegeuka kiota cha panya. Alivifuta vumbi, akavishona, akavisoma, hata akawa mtu wa kutazama wino na mkono wa mwandishi akakwambia kitabu ni cha nchi gani na cha enzi gani. Maprofesa wa Kirusi, ambao hata si watu wa dini yake, walipokwama walituma mtu mlangoni kwake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kisa chote kimesimama hapa. Mwandishi wa zamani akimaliza kunakili kitabu, huandika kwenye ukurasa wa mwisho jina lake, mji wake na mwaka aliomaliza. Maneno hayo tuyaite tamati. Sheikh Abdunnasir alipata kitabu cha mawaidha ambacho tamati yake ilisema kimeandikwa Bulghar, mji wa kale wa Waislamu wa Volga, kabla mji ule haujabomolewa. Watu wa Kazan walilia kwa furaha. Walikuwa wakiambiwa kwamba mababu zao walijua kuchunga farasi tu, kumbe walishika kalamu. Sheikh akatunga kitabu kikubwa cha kueleza hati ya watu wa Bulghar, herufi kwa herufi, akiitegemea nakala ile moja, na kwa kazi hiyo akapewa kiti cha mwalimu mkuu wa madrasa. Tangu hapo wakamwita Hazrati, kama ilivyo ada yao kwa wanachuoni wakubwa.

Alikuwa na mwanafunzi aitwaye Minhajuddin, aliyemlea kama mwanawe na kula naye sinia moja. Ilibaki kumwandikia ijaza tu, yaani ile ruhusa ya mwalimu ambayo bila hiyo hakuna madrasa itakayompa mtu darasa wala msikiti utakaompa mimbari. Siku moja, wanachuoni wamekaa kitako wakikitazama kitabu cha Bulghar, Minhajuddin aliinua ukurasa mmoja mbele ya dirisha, akakunja uso.

"Hazrati," alisema kwa sauti ya chini, "karatasi hii ina alama ya taji ndani yake, haionekani ila kwenye mwanga. Hii ni karatasi ya viwanda vya Wazungu, na Bulghar ilipobomolewa viwanda hivyo havikuwapo."

Sheikh alimjibu kwamba kurasa zikiharibika mafundi huzibadilisha kwa karatasi mpya, na hilo kila mtoto wa kazi ile analijua. Ni kweli, hubadilishwa. Minhajuddin akakubali, kisha akaomba wauinue na ule wa mwisho wenye tamati, shaka iondoke.

"Weka kitabu chini, Minhajuddin," alisema sheikh.

Akakiweka. Siku ile Sheikh Abdunnasir hakusema uongo, tusimzulie. Aliamini alichokisema. Kosa lake ni kwamba alikataa kutazama, na baadaye hata alipokuwa peke yake hakutazama, kwa sababu kutazama kungekuwa ni kukiri kwamba kijana alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi watu wa vilemba tuna ugonjwa wetu, na huo ndio wenyewe. Akatangaza kwamba hamwandikii ijaza mtu asiyekuwa na adabu mbele ya mwalimu wake. Minhajuddin alimbusu mkono, akafunga nguo zake, akaondoka Kazan. Zikaja habari kwamba yuko mji mdogo upande wa milima ya Ural, anatengeneza ngozi za ng'ombe, na kwamba ameoa. Halafu habari zikakatika.

Miaka ikapita, sheikh akazeeka. Huko kwao, kama ilivyo kwa Waislamu wengi, kitabu chenye jina la Mwenyezi Mungu kikichakaa hakitupwi. Huvikwa kitambaa safi kikazikwa ardhini kwa heshima. Watu wa Kazan walikusanya vitabu vya namna hiyo kila mwaka majani yanapopukutika, kabla ardhi haijaganda ikawa haichimbiki, na Sheikh Abdunnasir ndiye aliyevipekua kwanza, asije mtu akazika chenye thamani.

Basi mwaka mmoja wakaleta gunia kutoka kijijini, urithi wa kikongwe aliyefariki. Ndani yake mlikuwa na kitabu kilichotafunwa na panya pembeni, hakina jalada. Sheikh alifungua ukurasa wa mwisho akasoma tamati, kisha akairudia tena. Lilikuwa jina lile lile la mwandishi, mji ule ule wa Bulghar, mwaka ule ule, neno kwa neno kama kwenye kile kitabu chake.

Alikwenda kukileta kile chenye kumpa jina, akasimama navyo dirishani. Kilichotoka guniani kilikuwa na karatasi nene ya zamani isiyo na alama yoyote. Akauinua ukurasa wa mwisho wa chake. Katikati ya maneno ya tamati, ndani kabisa ya karatasi, palikuwa na taji.

Akaelewa yote. Mnakili fulani wa siku za karibuni alikaa mbele ya kitabu cha kweli cha Bulghar akanakili kila alichokiona, hata jina la mwenziwe na mwaka wa mwenziwe, bila kuongeza lake. Kitabu kikubwa cha sheikh, herufi zote zile alizozieleza, kilikuwa kinaeleza mkono wa mtu mwingine wa zama nyingine. Na kijana aliyetaka kumwonyesha alikuwa anakwangua ngozi za ng'ombe.

Hakuna aliyejua ila yeye na Mola wake. Kilichotakiwa ni kukirudisha kitabu guniani, na watu wangekuja wenyewe na kitambaa safi, wakakizika kwa dua, na jina lake likabaki kama lilivyo. Lakini lau angefanya hivyo, wale watu waliolia kwa furaha wangekuwa wanazika kwa mikono yao kitabu cha kweli cha mababu zao, na kukibusu kile cha kunakiliwa.

Hakukirudisha guniani. Alikifunga kwenye sanduku lake, akasema kimoyomoyo atalisema jambo lile, ila kwa wakati wake. Ardhi ikaganda. Akasema, wanafunzi watababaika katikati ya masomo, ngoja wamalize. Akasema, njia zimejaa theluji, hata nikitaka kumfuata Minhajuddin nitafika wapi? Nafsi ni wakili hodari, ndugu zangu, haikosi hoja. Akisujudu hakutaka kuinua kichwa. Majira yote ya baridi alikaa hivyo, na mdomo wake hakuufungua.

Theluji ilipoyeyuka, mzee mwangalizi wa msikiti alikuja na jembe, akamuuliza kama kuna kitabu kilichosalia bila kuzikwa tangu majani yalipopukutika, maana amechimba shimo na asingependa kulifukia mara mbili. Sheikh akakitoa kile kitabu chake kikubwa cha hati ya Bulghar.

"Kipo," alisema. "Nizikie hiki nilichokitunga mimi."

Ijumaa ile, baada ya sala, alisimama mbele ya watu na vitabu viwili. Alieleza kosa lake tangu mwanzo, akaziinua kurasa mbili za tamati kwenye mwanga wa dirisha ili kila mtu aone, akamtaja Minhajuddin kwa jina lake na jina la baba yake, akasema, huyo alisema kweli nami nikamtoa kwa aibu. Wapo waliolia. Wapo waliotoka wakinung'unika kwamba mzee amewatia doa mbele ya Warusi. Haukupita muda kiti chake kikapewa mwingine, na wale waliokuwa wakigombania kumvalisha viatu wakawa wanamwamkia kwa mbali.

Yeye hakulijali tena hilo. Aliandika ijaza kwa mkono wake, kwa hati nzuri kuliko aliyowahi kuiandika, akapanda gari la farasi kuelekea Ural. Njiani mvua ilimnyeshea, matope yakawakwamisha, kifua kikambana. Alipofika mji ule akaonyeshwa nyumba ya mbao iliyonuka ngozi, akabisha hodi. Alifungua mwanamke wa makamo, Maftuha, mke wa Minhajuddin. Sheikh alijitambulisha, akasema amekuja na amana ya mumewe.

Maftuha alimkaribisha ndani kwanza, akampa pa kukaa. Kisha akamwambia kwamba Minhajuddin alifariki majira haya ya baridi yaliyopita. Alishikwa na homa ya mapafu, hakukaa sana. Akamweleza kwamba mumewe hakuwahi kumtaja mwalimu wake kwa ubaya, na kwamba kila mgeni wa Kazan aliposikika mjini aliacha kazi akaenda kumtazama. Alikuwa akimwambia mkewe, Hazrati ni mtu wa haki, siku atakayouinua ule ukurasa atakuja mwenyewe.

Sheikh alikuwa ameishika ile ijaza, hajui aiweke wapi.

"Uliujua ukweli lini, Hazrati?" aliuliza Maftuha.

Hapa ndipo ulipokuwa mtihani wake, wala si pale msikitini. Angeweza kusema nimejua juzi tu, theluji ilipoyeyuka. Mjane angemwamini, angemfuta machozi, na wote wawili wangepata nafuu. Nani angemuuliza?

"Majani yalipokuwa yanapukutika," alisema. "Nilikaa nao majira yote ya baridi."

Maftuha aliinama. "Wakati ule alikuwa mzima," alisema. "Alikuwa anakwenda msikitini kwa miguu yake."

Akainuka akamwandalia chai na mkate, maana mgeni ana haki yake, akamwekea mbele, na yeye akaenda kukaa upande wa pili wa chumba amempa mgongo. Sheikh hakuweza kula. Alilia mpaka ndevu zikalowa, kisha akamwomba msamaha.

Maftuha alijibu bila kugeuka. "La kwangu nimekusamehe, Hazrati. La Minhajuddin utamwomba mwenyewe mtakapokutana."

Inasemekana Sheikh Abdunnasir hakuishi sana baada ya safari ile, na kwamba aliusia azikwe na ijaza ile kifuani. Wasimulizi wanamhesabu katika waja wema, nami namhesabu hivyo hivyo, kwa kuwa alisema kweli mara mbili pale ambapo uongo usingemgharimu kitu. Lakini kila nikisoma habari zake moyo unaniuma kwa ile baridi moja aliyoipoteza akingoja. Toba yake ilipokelewa na Mwingi wa Rehema, tunataraji hivyo. Minhajuddin hakuipokea, kwa sababu ilimkuta kaburini. Basi kama yupo kati yenu anayemjua mtu wa kumwendea, mimi sitaendelea kumweka hapa. Avae viatu vyake aende sasa.