Nani Aende na Sungura Nyumbani

Hapo zamani, si zamani ya babu zetu, ilikuwako chekechea moja katika milima ya Upare. Watoto wake walifinyana na kunyang'anyana, na wa kuomba radhi hakuwapo. Mwalimu wao, Nakijwa, alisema nao mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akawaletea sungura jike katika kizimba.

"Huyu hana maneno," akawaambia. "Ukimuumiza hatakusema. Mtazame mpaka ujue anataka nini."

Wakajifunza. Kabla ya kumgusa, walimtazama masikio. Kabla ya kumbeba, walingoja zamu. Kufinyana kukapungua, ingawa hakukuisha.

Likizo ilipokaribia, Mwalimu akaahidi: "Atakayemfaa sungura kuliko wote ndiye atakayekwenda naye nyumbani."

Asubuhi ya kufunga shule, kizimba kikakutwa wazi. Sungura hayupo, na mbwa wanabweka bondeni.

Watoto wakalia. Wengine wakaanza kukimbilia bondeni. Ndipo mtoto mmoja, Kiondo, akasimama. "Mwalimu, ni mimi. Nilimpa majani, nikasahau kufunga. Nilimwona akikimbilia nyuma ya jiko. Niliogopa kusema."

Wakaenda nyuma ya jiko. Kweli, alikuwa chini ya lundo la kuni, anatetemeka. Watoto wakamvamia kwa makelele, naye akazidi kujikunyata. Mbonea, ambaye darasa zima hakuna aliyemshinda kwa kupiga kelele, akatandaza mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Kaeni. Anatuogopa sisi." Wakakaa, wakanyamaza.

Naetwe akalala kifudifudi, jani la kiazi mkononi. Huyu ndiye aliyezoea kunyang'anya. Sungura akachungulia, akarudi. Naetwe hakumdaka. Akachungulia tena, akarudi. Naetwe hakumdaka. Mkono ukamfa ganzi, baridi ya ardhi ikampenya tumboni, hakumdaka. Hata sungura akatoka mwenyewe, akala jani, akajilaza kwenye mkono wake.

Mwalimu akashusha pumzi, akaketi palepale penye majivu. Watoto wakacheka huku wakifuta machozi.

Ikabaki ahadi.

Kiondo akasema, "Nisingesema, tungekuwa bondeni tunatafuta pasipo kitu."

"Lakini wewe ndiye uliyeacha kizimba wazi," Naetwe akamwambia.

"Ndiyo. Na nimesema."

Mbonea akasema, "Nisingewanyamazisha, angetoroka akaliwa na mbwa."

Naetwe akasema, "Nisingengoja, mpaka sasa angekuwa kwenye kuni."

Kila mmoja alisema, na wenzake wakamsikiliza mpaka akamaliza, wala hakuna aliyemfinya mwenziwe. Mwalimu akawatazama, moyo umemtua. Lakini sungura ni mmoja, na wazazi wamekwisha fika langoni.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mngemkabidhi nani: aliyekosa akakiri, aliyewatuliza wenzake, au aliyengoja? Je, nani alistahili?