Mwizi wa Visheti vya Maulidi

Tumbo linyimwalo asubuhi huiba kabla ya magharibi.

Neno hili mmelisikia leo, Nasra aliposukuma sahani yake iliyofunikwa kwa kawa la ukindu akasema hali kitu mpaka jioni kwa kuwa anataka kupungua kabla ya siku ya arusi yake. Mmecheka, kisha mkauliza tumbo litaibaje na halina mikono. Haya, sogeeni. Neno lenyewe lilizaliwa kwa watu wa karafuu, na lilizaliwa hivi.

Kisiwani Pemba, upande wa ndani ambako bahari huisikii wala huioni, palikuwa na kitongoji kiitwacho Makondeko. Hapo ulisimama mkarafuu mmoja ambao watu waliuita Bibi. Aliyeupanda hakuna aliyemjua. Mikarafuu mingine ilikuwa imeuzunguka kama wajukuu, na hakuna hata mmoja uliomfika begani. Mtu akisimama chini yake akatazama juu, kofia humdondoka kabla macho hayajafika kileleni. Ukizaa, harufu yake iliwafikia watu msikitini, na imamu akisema, "Tumshukuruni Aliyeiumba."

Lakini mkarafuu si mti wa kuaminiwa. Mwembe hupinda kwanza, ukakuonya. Mkarafuu haukuonyi. Tawi linakubeba, linakubeba, kisha unasikia sauti moja tu, ka! Kwa hiyo mwenye shamba, Mzee Khatibu, alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake. Siku moja kabla ya kuanza kuchuma, wachumaji walipimwa kwenye mizani kubwa ya karafuu iliyotundikwa bandani. Upande mmoja yaliwekwa magunia mawili ya karafuu kavu, upande wa pili alikaa mchumaji. Aliyeyazidi magunia hakuupanda Bibi mwaka ule. Alipewa ungo, akaenda kukaa jamvini pamoja na wanawake, kuchambua karafuu na kutenga makonyo, vile vijiti vyake. Si dhambi kuchambua. Ila kwa mwanamume aliyezoea kileleni, jamvi lile lilikuwa na miba.

Mchumaji wa kileleni alikuwa Shaame Makame, na mkewe aliitwa Mize. Mize alikuwa binti wa mchumaji. Baba yake alianguka kutoka kwenye mti huohuo Mize akiwa na miaka saba. Alichokikumbuka siku ile si kilio cha watu. Alikumbuka sahani ya baba yake ya asubuhi, iliyobaki juu ya kinu, imefunikwa kawa, na hakuna aliyethubutu kulifunua kawa lile mpaka watu waliporudi kutoka kuzika. Alikua akiapa hataolewa na mpanda karafuu. Kisha akaja Shaame, na moyo haukuuliza kazi yake.

Mikarafuu hupumzika. Ikapumzika miaka miwili, na Shaame naye akapumzika nayo. Mize alikuwa fundi wa jikoni: vitumbua vinavyong'aa samli, mkate wa kumimina, chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasita. Shaame akanawiri. Shingo ikazama mabegani, na kanzu ya Idi ikakataa kushuka tumboni.

Mwaka wa tatu mikarafuu ikachanua. Siku arubaini kabla ya kuchuma, wachumaji walikuwa wakitengeneza banda. Faki, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mikono, akamwambia, "Hebu kaa kwenye mizani, Shaame, tuone ndoa imekulisha nini."

Shaame akakaa akicheka. Magunia yakapaa kama kuku waliotupiwa jiwe.

"Akina mama!" Faki akaita. "Mtandikieni mgeni wenu!"

"Na ungo wake uwe mpana!" mwingine akadakia.

Shaame alicheka pamoja nao. Lakini alipofika nyumbani hakula, na asubuhi yake Mize alipomwekea vitumbua, alivisukuma.

"Sili mpaka magharibi," akasema. "Ramadhani tunashinda mwezi mzima na hatufi."

"Ramadhani una daku," Mize akasema. "Na una nia kwa Mungu. Funga hii nia yake kwa nani?"

"Kwa mizani."

Mize akainuka. Akafunika vitumbua kwa kawa, akaviacha palepale.

Basi Shaame akashinda na njaa. Jua likizama, alikula kama mtu aliyerudi safari: muhogo wa nazi, mkate, kaimati, chai, kisha akarudia muhogo. Akilala, tumbo likingali limejaa. Akiamka, hataki kitu. Siku ya ishirini akaenda bandani peke yake, akakaa kwenye mizani. Magunia yakapaa juu zaidi ya mara ya kwanza. Aliporudi alisema neno moja tu: "Uchawi."

Wakati huohuo, nyumbani vitu vilianza kupotea. Sukari guru iliyokuwa kwenye kopo ikapungua. Ndizi zilizovundikwa zikaisha kabla hazijaiva sawasawa. Kisha Mize akakaanga visheti vya Maulidi, akavipanga kwenye sinia yake yenye maua ya kuchorwa. Asubuhi sinia ilijaa tele. Alasiri maua mawili yakawa yanaonekana. Kesho yake, manne.

Akadhani ni paka. Siku ya tatu, baada ya kusali alasiri, akasimama nyuma ya mlango wa jiko na fimbo mkononi.

Aliyeingia hakuwa paka. Aliingia Shaame, mtu ambaye akiokota embe la jirani njiani hugonga hodi alirudishe kwa mwenyewe. Aliinua kitambaa, akala akiwa amesimama, upesi upesi, macho ameyafumba, kama mtu anayekunywa dawa. Mize alimtazama mpaka fimbo ikamponyoka.

Shaame akageuka. Unga wa sukari ulikuwa umemjaa ndevuni.

"Mize," akasema, "Wallahi mimi si mwizi."

"Najua."

"Naondoka msikitini nikisema naja kunywa maji. Nikishtuka, nimo humu. Chakula cha Maulidi, Mize! Cha kumswalia Mtume! Mimi!" Akakaa chini palepale penye majivu na kanzu yake nyeupe.

Mize akachutama mbele yake, akampangusa ndevu kwa ncha ya kanga. "Wewe si mwizi," akasema polepole, kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa mbali. "Mwizi ni tumbo lako. Umelinyima asubuhi, nalo linaiba kabla ya magharibi."

Shaame akainamisha kichwa. "Halijaiba visheti tu. Leo saa nne nilipanda ule mkarafuu mdogo wa kisimani, nijaribu mkono. Nilipofika katikati nikaona matawi mawili mahali penye moja. Nikashika lile ambalo halikuwapo."

"Ukaanguka?"

"Kimo cha mtu tu. Sikutaka kukwambia."

Mize akaiachia ncha ya kanga. Akaiona tena sahani ya baba yake juu ya kinu. Miaka yote alidhani baba yake aliondoka kwa haraka akasahau kula. Sasa akamwona baba yake akitoka mlangoni, tumbo tupu kwa kutaka, ili awe mwepesi juu ya tawi.

"Subhana Llah," akanong'ona. "Kumbe huo ndio ulikuwa wepesi wake."

Kisha akafuta machozi. "Sikiliza, bwana. Zimebaki siku ishirini. Asubuhi utakula ninachokupa, na jioni utaacha ninachokunyima. Ukikataa, mizani isikusumbue. Nitakwenda kwa Mzee Khatibu mwenyewe nikamwambie kilichotokea kisimani."

"Utanifanya mnene kuliko Bibi!"

"Tutaona."

Mize hakuwa na elimu ya chakula ila ile aliyopewa na mafiga matatu. Alijua kuti kavu huwaka likapiga mwali mpaka darini, na kabla maji hayajachemka limekuwa jivu. Gogo la mkarafuu huwaka taratibu, nawe unaweza kwenda kisimani ukarudi ukalikuta linaishi. Akajiuliza: katika vyakula, kuti ni lipi na gogo ni lipi?

Akaanza kumpima mumewe kama anavyopima moto. Alimpa vitumbua viwili na chai tamu: kabla umande haujakauka, tumbo la Shaame likanguruma kama kinu. Akampa muhogo mtupu: ukamfikisha saa nne, akaanza kunyoosha shingo kuangalia jikoni. Siku ya tatu akampa kunde zilizochemshwa kwa chumvi na ndimu, na kipande cha samaki wa kuchoma. Shaame akaenda shamba, akapalilia, na adhana ya adhuhuri ikamkuta akiimba.

"Hujasikia njaa?" Mize akamuuliza.

Shaame akalishika tumbo, akalisikiliza. "Limenyamaza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia msikitini. "Kwani limekwenda wapi?"

Mize akacheka, lakini ndani yake alijawa na haya kwa Mola wake. Siku zote alimshukuru kwa mvua na kwa karafuu. Hakupata kumshukuru kwa saa ile aliyoitia tumboni mwa mtu, isiyoonekana, isiyotiwa ufunguo, ambayo ukiidanganya inalipa kisasi, na ukiipa haki yake inakutumikia kimya.

Tangu siku ile sahani ya Shaame ikawa na mpango. Mize aliupima kwa mkono wa mumewe mwenyewe. Muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, kadiri ya ngumi yake moja. Samaki, au yai siku samaki hayupo, kadiri ya kiganja bila vidole. Kunde, upawa mmoja. Matembele au mchicha, mpaka ukingo wa sahani, usiotiwa nazi nyingi. Kipande cha papai, na chai ya mchaichai yenye sukari ya kuramba tu. Vitumbua vilihamia siku ya Ijumaa, kimoja, naye alikila kwa adabu kama mgeni. Jioni ilikuwa uji au kipande cha samaki na mboga, na sinia la kaimati likapewa watoto wa chuoni.

Siku za kwanza alinung'unika. "Mchana nimeshiba, jioni sijui mikono niipeleke wapi."

"Ipeleke kwenye kupura kunde," Mize akamjibu.

Kuibiwa kukakoma. Maua ya sinia yakarudi kufunikwa. Kanzu ya Idi, ikisitasita, ikashuka.

Ikafika siku ya mizani. Banda lilijaa. Faki alikuwa ameshaleta ungo, ameufunga utepe mwekundu. Shaame akakaa. Magunia yakapaa kidogo, watu wakaanza kuguna. Yakashuka. Yakapaa tena, yakashuka. Boriti ya mizani ikacheza, ikapunguza mwendo, ikatulia sawa kama upeo wa maji mtungini. Kisha upande wa magunia ukazama upana wa kidole.

"La ilaha illa Llah," akasema Mzee Khatibu. Akaizunguka mizani, akachungulia chini yake kama kuna aliyejificha. "Umekunywa dawa gani, mwanangu?"

"Nimekula asubuhi, Mzee."

Watu wakaangua kicheko. Wengine mpaka wakakaa chini. Shaame hakucheka, wala Mize, kwa kuwa mizani ya Mize ilikuwa kesho.

Kesho yake alfajiri Mize akaandaa sahani, akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kinu. Shaame alikuwa uani akifunga kamba ya pakacha lake. Wanawake wa jamvini waliitana, na Mize ikambidi atangulie kabla hajamwona mumewe akila. Njia nzima hakugeuka nyuma.

Shaame akaupanda Bibi. Watu wa jamvini waliona miguu yake, kisha nyayo, kisha majani yakitikisika mbali, mahali ambapo ndege walikuwa wakipita chini yake. Pakacha likashuka limejaa, likapanda tupu, likashuka. Jua likafika saa nne, saa ile ya kisimani. Mize alikuwa na konyo moja vidoleni, amelishika tangu lini hajui.

Ka!

Tawi likapita katikati ya majani, likaanguka mbele ya jamvi, na karafuu zake zikatapakaa mapajani mwa wanawake. Wakapiga yowe. Mize hakupiga. Aliangalia juu.

Shaame alikuwa akining'inia kwa mkono mmoja. Miguu ilikuwa hewani, na chini yake hapakuwa na kitu ila urefu. Mzee Khatibu akaanza kusoma Fatiha kwa sauti, na watu wakasoma naye. Waliona kidole hakikulegea. Waliona mguu ukilitafuta shina bila papara, kama mtu atafutaye kiatu chake kitandani asubuhi. Walipofika "Amin", Shaame alikuwa amelikumbatia shina la Bibi kwa mikono miwili.

Aliposhuka, Mzee Khatibu akaishika ile mikono, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayetazama maandiko. Faki akaufungua utepe kwenye ungo, akautia mfukoni.

Mize hakumkimbilia mumewe. Alikimbia nyumbani. Akasimama mbele ya kinu. Kawa lilikuwa limefunika sahani, sawa na lile la utotoni mwake. Akasema Bismillahi, akalifunua.

Sahani ilikuwa tupu. Palikuwa na mwiba wa samaki na ganda la papai, basi. Hapo ndipo Mize akakaa chini akalia: kidogo kwa Shaame, na zaidi kwa baba yake.

Tangu mwaka ule, pale Makondeko, hakuna aliyekaa kwenye mizani kabla hajaulizwa amekula nini alfajiri. Na kijana akijibu kwamba amejinyima apate kuwa mwepesi, Mzee Khatibu humrudisha kwao, akimwambia neno la Mize. Maana kuiba visheti ni jambo dogo. Tumbo likikosa visheti, huiba nguvu za vidole na nuru ya macho, nawe ukingali juu.

Basi Nasra, mwanangu, arusi ipo na hazina ya Mungu haipungui. Kunde zimo, yai limo, na kiazi ni kadiri ya ngumi yako, si yangu. Funua kawa hilo.

Tumbo linyimwalo asubuhi huiba kabla ya magharibi.