Maji ya Sista Atuganile

Dawa kali hutanguliwa na maji. Bi Tupokigwe alimwambia hivyo mwanawe aliyekuwa anatoka mbio kwenda kumgombeza fundi aliyeharibu paa. Wajukuu wake, waliokuwa wakimenya ndizi, wakauliza msemo huo umetoka wapi. Methali hii, akawaambia, ilianzia wodini.

Katika hospitali moja ya milimani kule Rungwe alikuwepo muuguzi aitwaye Atuganile, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Asubuhi moja aliletwa Ambokile, fundi mwashi, shingo imekakamaa, kichwa kikimuuma wiki ya tatu. Alikuwa amemeza dawa za malaria bila nafuu. Walipompima maji ya uti wa mgongo, wakaona kuvu. Ilikuwa imeshafika kwenye utando wa ubongo.

Dawa yake ilikuwapo: ya rangi ya manjano, ya kutiwa mshipani taratibu kwa saa kadhaa. Atuganile aliijua vizuri. Mwaka uliotangulia alimuuguza mama mmoja ambaye kuvu ilikwisha, lakini figo zikafa. Hakumsahau. Basi siku hiyo akatundika kwanza chupa ya maji ya chumvi.

Anyosisye, kaka wa mgonjwa, mchuuzi wa ndizi mwenye hasira za karibu, akaruka kutoka kwenye benchi.

"Sista! Dawa ile pale mezani, mdogo wangu anakufa, nawe unampa maji?"

"Nampa maji, kaka."

"Maji hata nyumbani tunayo!"

Wodi nzima ikageuka kutazama. Atuganile hakuigusa dawa.

"Dawa hii ni kali," akasema. "Ikikuta mwili umekauka, itaua kuvu na figo pamoja. Nataka mdogo wako apone, na akishapona aishi. Kaa hapa, uhesabu matone nami."

Anyosisye akakaa, amenuna. Maji yalipokwisha ndipo dawa ikaingia. Ambokile alitetemeka kwa baridi mpaka kitanda kikalia, wakamfunika mablanketi matatu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo: maji, kisha dawa, kisha damu ikachukuliwa kupima figo. Siku ya nne akamtambua kaka yake na kumwomba uji.

Siku ya tano Atuganile alikuwa zamu ya mchana. Alipokaribia mlango wa wodi akasikia kelele. Muuguzi mgeni alikuwa ameshika dawa, na Anyosisye amesimama mbele ya kitanda, mikono kaipanua.

"Maji yake yako wapi? Hapiti mtu hapa! Dawa kali hutanguliwa na maji!"

Wagonjwa wakacheka. Atuganile naye akacheka, kisha akageukia ukutani akafuta macho. Tangu aanze kazi hakuwahi kujiona mtu wa maana kama siku ile.

Ambokile alitoka kwa miguu yake, akiwa na vidonge vya kumeza kwa miezi mingi, na akavimaliza vyote. Figo zake zilikuwa nzima. Naye Anyosisye, kila alipomkuta mtu anataka kumvaa mwenzake kwa maneno makali, alimshika bega na kumwambia vile alivyosema wodini. Watu wakauzoea msemo huo, hata wasioijua hospitali ile.

"Kwa hiyo baba akamwamkie fundi kwanza?" akauliza mjukuu mmoja.

"Amwamkie, amsikilize. Halafu amwambie ukweli wote, asipunguze hata neno," Bi Tupokigwe akajibu. "Dawa kali hutanguliwa na maji."