Kanga na Majani ya Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale mvua zilikwisha, jua likawaka, majani yakapukutika. Pu, pu, pu. Kanga, mama wa vifaranga saba, alikuwa hapendi kuona hata jani moja uani kwake. Na kesho yake mama mkwe anakuja kuwaona wajukuu. Akashika fagio la chelewa. Fya, fya, fya. Akafagia majani. Akang'oa mabua makavu na mbegu zake. Akafyeka vichaka. Uwanja ukawa mweupe pe.

Jirani yake Kalunguyeye, yule mwenye miiba mgongoni, amejilaza tu kwenye majani yake.

"Jirani, hufagii?"

"Sifagii, mama. Chini humu wamelala wadudu. Kwenye mabua chiriku wanakula mbegu. Mvua zikirudi, majani yameshaoza, ni mbolea. Kazi yangu kulala."

"Mvivu hakosi sababu," Kanga akasema, akabetua mdomo.

Asubuhi vifaranga wakatoka. Wakachakura, chaku chaku. Mchwa hakuna. Funza hakuna.

"Mama, njaa."

"Ngojeni bibi yenu aje."

Mara kivuli kikapita. Mwewe huyo, vuuu! Watoto wakakimbia huku, wakakimbia kule. Wajifiche wapi? Kichaka hakuna. Jani hakuna. Kanga akautazama uwanja wake mweupe. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyewaanika wanawe.

"Kwa jirani!" akalia. "Kimbilieni kwa jirani!"

Chaka, chaka, chaka, wakazama majanini, na mama yao nyuma. Akawagusa mmoja mmoja kwa mdomo. Wote saba, wazima. Mwewe akazunguka juu, akaona majani matupu.

Mara hodi. Mama mkwe amesimama katikati ya uwanja mweupe.

"Mkwe wangu, pasafi hapa. Wajukuu wangu wako wapi?"

Kanga akachomoza kichwa, jani limemkaa utosini. Aibu ilimjaa, lakini akasema.

"Wako kwenye uchafu wa jirani, mama. Nawe njoo upesi, Mwewe bado yuko juu."

Mama mkwe akatazama juu. Hakuuliza la pili. Chaka! Akatumbukia na kikapu chake.

"Karibuni," akasema Kalunguyeye, wala hakufumbua macho. "Ila msinikanyage."

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaochoma majani kila kiangazi: si kila kilichoanguka chini ni takataka, kingine ni nyumba ya mtu. Kiacheni mpaka mvua zirudi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia, shauri yake.